Mtoto wa Kwanza wa Ekuwa

Ekuwa alimwaga mafuta ya mawese kwenye kitabu chake cha kliniki kwa makusudi, kijiko kizima, juu ya ukurasa wa nne. Akakifuta harakaharaka, akakitia mkobani, kisha akaenda sebuleni. Mumewe Fiifi alikuwa akimngoja, amevaa shati lake la kanisani.

Mtoto wao wa kiume alikuwa na siku tano. Kwao mtoto hatolewi nje wala hatajwi jina kabla ya siku ya nane. Mpaka hapo ni mgeni tu, anaweza kubadili mawazo akarudi alikotoka. Jina huchaguliwa na baba, naye hamwambii mtu, hata mkewe. Lakini mgodi anakofanya kazi Fiifi, kule Tarkwa, haungoji mila ya mtu. Bila cheti cha kuzaliwa kabla ya mwisho wa mwezi, mtoto hatibiwi kwa bima ya kampuni, na ofisi ya vizazi ilikuwa imebakiza siku mbili tu za kazi.

Basi mtoto alibaki nyumbani na bibi yake, mama wa Ekuwa, aliyekuja kutoka kijijini kumwogesha mjukuu. Bibi huyo alimvuta bintiye kando mlangoni.

"Ukiulizwa, huyu ni wa kwanza."

"Mama, ile ni karatasi ya serikali."

"Na wale ni watoto wangu, nimewalea miaka minane. Unataka kuvunja ndoa kwa ajili ya swali moja la fomu?"

Ekuwa aliuweka mkoba begani. Alikuwa na miaka kumi na sita alipojifungua mapacha wa kike, Panyin na Kakra. Maziwa hayajamkauka, mama yake alihama nao kwenda kijiji kingine, akajiita mama yao. Fiifi alipokuja kuchumbia aliwakuta wanaruka kamba uani, akaambiwa ni wadogo wa mchumba wake. Mpaka leo wanamwita Ekuwa dada.

Na Fiifi aliwapenda, jambo lililozidi kumuumiza mkewe. Pasaka alikwenda kumwezekea mkwewe paa, akarudi akisimulia jinsi Kakra alivyomfunga bao mara tatu na kumzomea. Mwezi uliopita aliomba kadi zao za kliniki, eti kampuni inatoa zawadi kwa ndugu wa wafanyakazi. Mkwewe alimjibu kwamba zimeliwa na mchwa. Fiifi alicheka, hakuuliza tena.

Ofisini walipokelewa na Mama Quansah, karani mwenye miwani iliyoteremka hadi ncha ya pua na karanga zilizofungwa kwenye gazeti. Alikishika kitabu cha kliniki kwa vidole viwili.

"Yesu wangu! Mwanangu, hiki ulikuwa unakisoma au ulikuwa unakilia ugali wa kenkey?"

Watu kwenye benchi waliangua kicheko. Fiifi naye alicheka. Ekuwa alitazama viatu vyake.

"Ukurasa wa uzazi uliopita hausomeki hata herufi moja," alisema karani. "Haya, niambie kwa mdomo. Kabla ya huyu umezaa wangapi?"

Ekuwa alihisi maziwa yakimlowesha blauzi. Alishawakana wanawe mbele ya wakwe, mbele ya mchungaji, mbele ya meza nzima ya harusi huku wenyewe wakimshikia shela. Lakini hayo yalikuwa maneno, yalipita. Hapa yangeandikwa, yakapigwa muhuri, na siku moja watoto wale wangeyasoma. Alijichukia kwa moyo wake wote.

"Hakuna," alisema. "Huyu ndiye wa kwanza."

Karani aliandika sifuri. Fiifi alikuwa ameelekea dirishani, anatazama mbuzi aliyepanda juu ya ukuta.

"Mama, samahani..." Ekuwa alianza.

"Nini tena?"

Mumewe aligeuka. Ekuwa aliuona uso ule, mpole, uliochoka na safari ya jana kutoka mgodini, na ujasiri ukamwisha.

"Hamna kitu, mama. Endelea."

"Jina la mtoto?"

"Siku ya nane bado," alisema Fiifi. "Nipe kalamu niandike mwenyewe."

"Andika, mila ni mila. Ila ficha vizuri! Wanawake wa siku hizi, jina litafika sokoni kabla yenu."

Fiifi aliinama mezani, akaikinga fomu kwa kiganja, akaandika polepole, herufi moja baada ya nyingine. Aliandika kwa muda mrefu kuliko Ekuwa alivyotarajia. Alipomaliza aliigeuza fomu chini, akamsukumia karani.

Mama Quansah aliisoma kimyakimya. Akaacha kutafuna. Akaisoma tena, akamtazama Fiifi juu ya miwani, akamtazama na Ekuwa.

"Baba, mimi silitaji jina la mtu kabla ya siku yake," alisema. "Lakini hapa umekosea. Hili hupewa mtoto aliyezaliwa baada ya mapacha. Na mkeo ametoka kuniambia sasa hivi kwamba hajazaa kabla ya huyu."

Ekuwa alishika ukingo wa meza.

"Sijakosea, mama," alisema Fiifi. "Dada zake wanahamia kwetu Jumapili. Shule nimeshawaandikisha, kwa jina langu."