Upepo Ishirini na Nane

Matairi yote manne yalikuwa yamepungua upepo, tena sawasawa: ishirini na nane, ishirini na nane, ishirini na nane, ishirini na nane. Mfamasia alipima tena, kachuchumaa gereji na gauni la kulalia, kisha akaitikisa geji kana kwamba ndiyo inayomdanganya.

Pancha gani hiyo inayojua hesabu?

Kibandiko cha mlango wa gari kilisema thelathini na sita, na yeye ni mtu wa lebo. Miaka yote dukani kwake anawaambia watu: dawa ikisema kidonge kimoja, ni kimoja, si kimoja na nusu kwa sababu jirani kasema. Jana alijaza thelathini na sita. Juzi pia. Na kesho ndiyo siku yake ya kwanza kwenye uwanja wa mbio, ambako yeyote aliyejiandikisha hupeleka gari lake la spoti na kulikimbiza bila kuogopa trafiki. Wiki nzima hali wala halali vizuri.

Alipaka maji ya sabuni kila mahali. Hakuna povu lililotoka. Lakini aliposhika kifuniko cha valvu, kidole kilibaki na vumbi laini lenye harufu ya msonobari. Unga wa mbao.

"Aha!" akasema. "Kumbe!"

Nyumba ile ina seremala mmoja tu.

Mumewe alikuwa jikoni, penseli sikioni, ananong'ona na simu. Alipomwona mkewe akaikata haraka.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mteja."

"Saa kumi na mbili na nusu asubuhi?"

"Wateja wengine hawana adabu."

"Baba Pacha, umegusa gari langu?"

"Mimi? Si nilikwambia siku uliyolileta? Hilo jeneza lako jekundu mkono wangu silitii!"

Ni kweli alisema hivyo, tena mbele ya dada zake. Akaongeza kwamba mwanamke wa miaka hamsini na mbili anayetaka kufukuzana na vijana amechoka kuishi. Tangu hapo maongezi yao yamekuwa ya "chumvi iko wapi" na "zima taa". Kununa kwa mumewe alikuwa amekuzoea, hata hakukuhesabu. Kilichomuuma ni ule unga wa mbao. Mtu uliyezaa naye pacha anakutolea upepo kwa siri, ili gari likataliwe kwenye ukaguzi? Au, Mungu apishe mbali, likushinde kwenye kona, naye apate kusema nilikwambia? Alitaka kulia, akaona hasira ni nafuu. Akajaza upya, thelathini na sita kila tairi, akatia gereji kufuli, ufunguo akauficha kwenye sidiria.

Kulipokucha alikuta ishirini na nane.

Kufuli lilikuwa mahali pake. Bawaba za mlango ndizo zilizofunguliwa na kurudishwa, kwa ustadi wa mtu aliyeutengeneza mlango ule mwenyewe.

Alivaa viatu vyake vyepesi, akapakia helmeti, akaliwasha gari. Mumewe alisimama mlangoni na kikombe cha chai ambayo hakuinywa.

"Huji hata kuangalia?" mfamasia akamuuliza, ingawa alikuwa ameapa hatauliza.

"Nina kabati la watu."

"Haya."

"Mama Pacha..." akaanza, akaifuta penseli yake kwa shati. "Funga mkanda."

Unafiki huo! Njia nzima hakuwaza jingine. Kwenye kituo cha mafuta cha mwisho kabla ya uwanja alisimama, akavuta mpira wa pampu, akajaza thelathini na sita, tairi kwa tairi, akihesabu kwa sauti hadi mwenye pikipiki wa pembeni akahama.

Uwanjani foleni ya ukaguzi ilikuwa ndefu. Aligusa kioo, akagusa mkanda, akagusa kioo tena. Hatimaye mkaguzi, mwanamume mnene ndani ya ovaroli iliyombana, akapiga goti kwenye tairi la mbele, akapima, akaguna.

"Thelathini na sita. Mama, namba ya mlangoni ni ya kwenda sokoni. Hapa ukizunguka mara tatu tairi zinachemka, upepo unapita arobaini, gari linateleza kama sabuni bafuni. Ile kona ya chini ingekupokea vibaya." Akaanza kutoa upepo, fss, fss, jicho kwenye geji. "Unaanza na ishirini na nane, zikipata moto zinajipandisha zenyewe."

Mfamasia akainama kuichungulia geji.

"Umesema ngapi?"

"Ishirini na nane. Wewe si mke wa yule seremala?" Mkaguzi alihamia tairi la pili bila kuinua kichwa. "Wiki nzima ananipigia simu alfajiri, hata sijanawa uso. Akasema lazima utajaza tena njiani, nikupunguzie. Ila akaniapisha nisikwambie ni yeye."