Darasa la Baiskeli

Mjinga wa siku ile alikuwa Mzee Feruzi mwenyewe, wala tusimtafute mwingine. Alipoikosa baiskeli yake uani, alipiga kelele za mwizi mtaa mzima, akakimbia na bakora mpaka uwanjani, wazee wanapofundishwa kuendesha baiskeli. Akaikuta. Juu yake kakaa mkewe, Bi Tabu, mwenye miaka sitini na minane, anayumba huku wanafunzi wenzake wakimpigia vigelegele.

“Shuka, Mama Rehani! Ukivunjika nyonga nani atakuuguza? Darasa basi, twende nyumbani!”

Bi Tabu akashika breki mbele ya bakora, akakaza kanga kiunoni, akaipigapiga keria ya nyuma.

“Miaka arobaini nimekaa hapa nikitazama mgongo wako, Baba Rehani. Haya, panda uutazame wangu.”