Nyayo Katika Nta

Mawimbi yalikuwa yamepanda tangu asubuhi, na Zaituni hakutulia.

"Mama, kwangua basi! Nta ya ubao huu imechakaa, haishiki mguu."

"Ngoja, mwanangu. Bahari haihami."

"Haihami, lakini mawimbi yanahama!"

Salha aliulaza juani ubao wa kuteleza mawimbini. Nta ililainika. Nyayo za marehemu mumewe zilikuwa bado zimo, vidole vyote vikionekana. Akanong'ona dua, akashika kikwangulio.

"Za Baba ziache," Zaituni alisema, sauti imeshuka.

"Nikiziacha, utateleza."

Alikwangua kote, akapaka nta mpya. Zaituni akaubeba ubao, akakimbia. Salha alibaki akifinyanga donge la nta kuukuu kiganjani, macho yakitafuta kichwa cha binti yake katikati ya povu.