Maboksi ya Mzee Mbonea

Siku hizo hakuna aliyekufa kabla ya kumaliza kazi ya mikono yake. Mke wa Mzee Mbonea alimaliza kusuka mkeka wake, akalala, asiamke. Nyumba ikapooza. Mbonea akashusha maboksi ya vipande vya ndege ndogo za plastiki aliyoyalimbikiza tangu ujanani, akaanza kuziunda mfululizo, gundi ikimkaukia vidoleni.

Binti yake Nakijwa alipokuja kumjulia hali, alikuta limebaki boksi moja tu. Kesho yake akaleta mengine, kapu zima.

“Baba, na hizi utaniundia.”

“Mama yako ananingoja, mwanangu.”

“Na mimi je?”

Mbonea akafungua boksi jipya. Nakijwa akamshukuru, akaondoka mbiombio kwenda dukani kuagiza mengine.