Mfuko wa Msiba

Bima ya Mwanakheri ilikataa kulipia upasuaji wake wa moyo, na katika mji ule wa ugenini hospitali ilitaka fedha kwanza. Semboja, mweka hazina wa chama cha watu wa kwao, alikaa kando ya kitanda chake, daftari mapajani.

"Mfuko wetu ni wa kusafirisha maiti tu, dada."

"Kwa hiyo nikifa mtanirudisha nyumbani?"

"Bila shaka. Na jeneza juu yetu."

"Basi nilipieni matibabu kwa pesa hizo hizo, kaka. Nyumbani nitajirudisha mwenyewe."

Semboja alicheka, kisha akalitazama daftari.

"Wanachama nitawakabili mimi," akasema. Akafungua ukurasa wa malipo ya marehemu, akaandika "Mwanakheri", akamkabidhi kalamu.

Mwanakheri akatia sahihi polepole. Kwenye ukurasa ule, hakuna aliyewahi kujitilia sahihi.