Mdhamini wa Elisée

Elisée alivua tai yake ya hariri, akaitupa kwenye mtaro wa maji machafu, kisha akaifuatishia kadi ya kazi yenye picha yake. Wachuuzi wakashangilia barabara nzima. Zubeda peke yake hakushangilia. Aliendelea kukunja kanga zake, akiitazama kwa kinyaa tai inavyokunywa maji taka.

"Kaka, ungenipa mimi," alisema Mussa, muuza mitumba. "Hapo kwenye robot, kwenye taa za barabarani, ningeiuza kabla hazijabadilika."

Watu wakacheka. Walikuwa na kiu ya kucheka. Alhamisi madiwani wangekaa kupitisha sheria ya kuwafagia wachuuzi wote wa mtaa ule, ili tajiri mmoja ajenge maegesho ya magari. Sheria yenyewe ilipikwa Sandton, mtaa wa matajiri, katika kampuni ya ushawishi ambayo kazi yake ni kuwanong'oneza madiwani mpaka uongo unavaa suti na kuitwa sera. Elisée, kijana wa Kirundi aliyekulia Johannesburg, alikuwa mmoja wa wapishi. Leo amekuja anasema dhamiri inamsuta. Anataka awe msemaji wa wachuuzi kikaoni.

Lakini chama chao kina desturi moja, nayo hailegei kwa machozi. Mgeni haingii mpaka mwanachama wa zamani asimame mbele ya watu aseme, "Namdhamini." Mgeni akiharibu, mdhamini hupoteza meza yake ya biashara.

Macho yote yakamgeukia Zubeda, mwenyekiti wao, mwanamke wa Tanga aliyeketi kwenye lami ile kabla wengi wao hawajavuka mpaka.

"Kaa," alimwambia kijana, akimsogezea ndoo iliyopinduliwa. "Kazi yenu hiyo mtu huipandaje?"

"Unaanza kwa kubeba mafaili, mama. Halafu unapewa diwani wako. Unamlisha mchana, unajua mkewe anapenda nini, mwanawe anasoma wapi. Ukishawafuga wa kutosha, unaingizwa chumba wanachoandikia sheria. Mwisho wake jiji lenyewe linakuajiri, unailinda sheria uliyoitunga ukiwa kule."

"Na mshahara?"

Elisée akataja. Akataja wa mwanzo, akataja wa juu, akataja na gari. Emérite, mjane aliyesomesha wanawe kwa kuuza dagaa na sombe, majani ya muhogo, akajishika kichwa.

"Eish. Kwa kunong'ona tu?"

"Na wale wa chini kabisa?" Zubeda aliuliza. "Wanaowaletea habari za mitaani?"

Elisée akacheka puani. "Hao hawahesabiwi, mama. Wanatupiwa chochote. Hata kiti ofisini hawana."

Zubeda akatema mate karibu na kiatu cha kijana.

"Mnanuka," alisema. "Kuanzia anayefungua mlango hadi mkurugenzi wenu. Mnanuka kama samaki aliyesahauliwa juani."

Hapo Elisée akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakicheza, viganja vikiwa vimefunika uso. Wanawake wawili wakalia naye. Zubeda hakulia. Aliona jinsi kijana alivyoketi ukingoni mwa ndoo asichafue suruali, na jinsi alivyochungulia kati ya vidole kuona nani ameguswa. Swali moja tu lingetosha kumvua nguo mbele ya mtaa mzima.

Emérite akapiga magoti juu ya lami.

"Dada Zubeda, usimfukuze. Huyu anajua siri zao zote. Tukienda wenyewe na Kiingereza chetu hiki cha kuombea chenji, madiwani watatucheka. Mimi wakinitoa hapa sina pa kwenda. Bujumbura sina hata jiwe la kukalia. Wewe ukisema ndiyo, sisi sote tumesema ndiyo."

Zubeda alimtazama mjane yule, akatazama beseni lake la dagaa, nzi wakilizunguka. Mussa akaacha utani.

Kisha Zubeda akasimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Namdhamini."

Vigelegele vikapasua mtaa. Mikono yote ikainuliwa: kikaoni Elisée ndiye mdomo wao, na atakachokubali yeye, wao wamekikubali. Emérite akaikamata mikono ya Zubeda, akaibusu, akailowesha kwa machozi.

"Umeweka meza yako rehani kwa ajili yetu, dada. Mungu akuone."

"Ananiona," alisema Zubeda. Akajitoa taratibu, akafuta mikono kwa pindo la kanga, mbele na nyuma, mpaka harufu ya dagaa ikamtoka.

Alimwomba Mussa amwangalizie biashara. Akaingia uchochoroni, nyuma ya jengo kuukuu ambamo wanakwaya walikuwa wakifanya mazoezi, akatoa simu, akasubiri ipokelewe.

"Mkurugenzi, kijana wako nimeshamwingiza," alisema. "Sasa tuzungumze mshahara wangu."