Lango la Bibi Sekela

Kila mwenye shamba alishakubali farasi wa wageni wapite, isipokuwa Bibi Sekela, na shamba lake ndilo lililokaa katikati ya njia ya kwenda mtoni. Kila Tumsifu, kiongozi wa wageni hao, alipokuja kumwomba, bibi hakumwitikia hata salamu. Tumsifu akadhani bibi anaona uchungu maharage yake kukanyagwa na farasi.

Leo wageni walikuwa nyuma yake tayari, na huko mtoni akina mama wa kijiji walishawaivishia chakula. Mkanda wa tandiko la farasi wake ukalegea. Tumsifu akashuka kuukaza. Alipoinuka, akajikuta uso kwa uso na bibi langoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kumbe una miguu!" Bibi akacheka. "Siku zote unaniamkia ukiwa huko juu, nikawa sijui nimwitikie nani, wewe au farasi."

Haya ikamshika Tumsifu, kisha pumzi ndefu ikamtoka, kwani bibi alikuwa anachomoa miti ya lango.

Tumsifu akawapungia wageni washuke. Wakashuka, mabuti yakizama kwenye udongo uliolimwa, wakajipanga na hatamu mkononi, kila mmoja akilijaribu neno lile la salamu kinywani kabla zamu yake haijafika.